Rungwe: Wilaya inayolisha miji lakini haionekani kwenye menyu

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

UKITAJA Tukuyu mbele ya mkazi wa Dar es Salaam, jambo la kwanza atakalokumbuka ni ndizi, na la pili ni mvua. Mambo hayo mawili hayatengani, na ndiyo yanayoifanya wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, kuwa miongoni mwa maeneo machache nchini ambako mtu anaweza kusafiri kwa ajili ya kula tu na asijutie nauli yake.

Hata hivyo, wapo wasafiri wengi wanaofika Tukuyu, wakalala, wakaamka na kuendelea na safari ya Kyela au Malawi bila kuonja chakula cha Rungwe. Jioni wameagiza chipsi mayai au wali na kuku, asubuhi wamekunywa chai ya majani ya pakiti pamoja na chapati, na nje ya dirisha lao malori yamepita usiku kucha yakiwa yamesheheni mikungu ya ndizi kuelekea mijini.

Makala haya yanaeleza chakula na vinywaji vya wilaya hiyo, mahali vinakopatikana, na kwa nini msafiri anapaswa kuviulizia kwa majina yake. Lengo si kuburudisha ulimi wa mgeni peke yake. Chakula kisichoagizwa hakipikwi, na kisichopikwa kwa ajili ya wageni humwacha mkulima na njia moja tu ya kujipatia fedha, yaani kuuza mazao ghafi kwa bei anayopangiwa na mtu mwingine.

Ardhi ya majivu na mvua

Rungwe ni wilaya iliyojengwa na volkano. Mlima Rungwe wenye urefu wa takriban mita 2,960 umesimama katikati yake, na kusini-mashariki uko mlima Kyejo, ambao ulitoa ziha mara ya mwisho takriban miaka 200 iliyopita. Majivu ya milima hiyo ndiyo yaliyozaa udongo mweusi wenye rutuba ambao wakulima wa wilaya hiyo wanaulima hadi leo.

Juu ya udongo huo hunyesha mvua ambayo sehemu nyingi za nchi haziijui. Upepo unaopanda kutoka Ziwa Nyasa hukutana na milima, hupoa na kumwaga maji. Sehemu kubwa ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho ni zaidi ya mara tatu ya kile kinachopatikana Dodoma. Matokeo yake ni kijani kisichokauka mwaka mzima.

Jambo jingine ni mteremko. Barabara itokayo Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, hupanda kwanza hadi kwenye baridi ya Isongole, kisha hushuka kupitia Kiwira na Tukuyu hadi kwenye joto la Kyela, karibu na ziwa, ambako mwinuko ni takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Katika safari ya saa chache msafiri hupita kwenye viazi mviringo, kisha ndizi na chai, kisha kokoa na mpunga. Ni vigumu kupata barabara nyingine nchini inayoonyesha meza nzima ya chakula kwa mpangilio wa namna hiyo.

Ndizi, chakula na heshima

Wanyakyusa, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Rungwe, huziita ndizi za kupika mbalaga. Jina hilo ndilo msafiri anapaswa kulikumbuka anapoingia kwenye mgahawa. Ndizi hizo humenywa zikiwa mbichi, hupikwa na nyama, maharage au maziwa, na huliwa zikiwa laini na nzito. Tofauti na mtori wa Kilimanjaro, ambao ni supu iliyopondwa, hapa kipande cha ndizi mara nyingi hubaki na umbo lake, na mchuzi huwa mchache.

Ndizi mbivu nazo zina mahali pake. Huchomwa juu ya makaa, huliwa kama tunda, au hutumika kutuliza njaa ya mtoto wakati chakula kikuu kikisubiriwa. Katika masoko ya Kiwira na Tukuyu mgeni atashangaa kuona aina ambazo hajawahi kuziona mjini, kwa sababu kinachofika Dar es Salaam ni zile zinazovumilia safari ya zaidi ya kilometa 800 ndani ya lori. Ndizi zenye ganda jembamba huliwa zilipovunwa, na anayezitaka hana budi kuzifuata.

Pamoja na ndizi, meza ya Rungwe ina magimbi, viazi vitamu, maharage mabichi, majani ya maboga na mahindi ya kuchemsha. Ugali upo na wali upo, lakini mwenyeji wa makamo akiulizwa alichokulia, mara nyingi ataanza na ndizi na maziwa.

Maziwa, rafiki wa ndizi

Ng'ombe katika utamaduni wa Wanyakyusa hakuwa kitoweo cha kila siku. Alikuwa mahari, alikuwa sadaka ya msiba, na zaidi ya yote alikuwa chanzo cha maziwa. Maziwa mgando yaliyoliwa pamoja na ndizi yalikuwa mlo kamili, na kwa wazee wengi bado ni hivyo.

Siku hizi sehemu kubwa ya maziwa ya Rungwe hutoka kwa ng'ombe wa kisasa wanaofugwa mmoja au wawili nyuma ya nyumba, wakikatiwa majani na kupelekewa bandani. Mfugaji hukamua alfajiri na kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, ambako hupimwa, hupozwa na kusafirishwa viwandani, vikiwamo vya Iringa. Hivyo inawezekana kabisa kwamba pakiti ya mtindi inayonunuliwa katika duka la Mbeya ilianza safari yake katika kijiji cha Rungwe.

Msafiri anayetaka kuonja maziwa hayo aulize mapema asubuhi. Ikifika adhuhuri, yaliyobaki huwa machache.

Chai iliyo mlangoni

Kumbukumbu za kilimo zinaonyesha kwamba Wajerumani walipanda chai kwa majaribio Amani, mkoani Tanga, mwaka 1902, na Kyimbila, wilayani Rungwe, mwaka 1904. Tukuyu yenyewe wakati huo iliitwa Neu Langenburg na ilikuwa makao ya utawala wao katika eneo hilo. Kilimo cha biashara kilianza katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, na baada ya Uhuru chai ikaenea katika mashamba ya wakulima wadogo.

Leo mashamba hayo yanaonekana kando ya barabara kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Wachumaji huchuma majani mawili machanga na chipukizi lake, na ni lazima yafike kiwandani ndani ya saa chache kabla hayajaharibika. Huko hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yabadilike rangi kwa hewa, hukaushwa na kuchambuliwa kwa madaraja. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli, vilivyo chini ya kampuni ya Wakulima (WATCO), vina historia ya pekee kwa kuwa wakulima wadogo, kupitia chama chao cha RSTGA, walipata kumiliki sehemu ya hisa.

Lakini kikombe kizuri cha chai ya Rungwe si rahisi kukipata Rungwe. Chai nyingi ya Tanzania imekuwa ikiuzwa kwa jumla, hasa kupitia mnada wa Mombasa, ambako huchanganywa na chai za nchi nyingine na kupoteza jina la mahali ilikotoka. Mwaka 2023 Tanzania ilianzisha mnada wake jijini Dar es Salaam ili kupunguza utegemezi huo. Kwa msafiri, ushauri ni kuulizia majani ya kiwanda cha jirani na kuomba yapikwe na maziwa mabichi ya siku hiyo, bila viungo vingi. Baridi ya jioni ya Tukuyu itakamilisha yaliyobaki.

Parachichi na kokoa

Mti wa parachichi si mgeni Rungwe. Matunda makubwa ya kienyeji yamekuwa yakiliwa na watoto na kuokotwa chini ya miti kwa miaka mingi, mengine yakiachwa kuoza kwa kukosa mnunuzi. Hali ilianza kubadilika mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Rungwe Avocado ilipoanza kufanya kazi na wakulima wadogo katika kilimo cha aina ya Hass, ambayo ganda lake hugeuka kuwa jeusi likiiva na ambayo huvumilia safari ya meli. Mwezi Novemba 2022, Tanzania na China zilitiliana saini makubaliano yaliyofungua soko la parachichi nchini humo, na miche ikazidi kutafutwa.

Wapo waliopanda parachichi palipokuwa na chai au migomba. Huo ni uamuzi wa mkulima na hesabu yake, lakini una maana yake mezani. Hass inalimwa kwa ajili ya mtu wa mbali, na mgomba ulikuwa wa nyumbani kwanza. Msafiri atakayepata yote mawili sokoni na ayapime mwenyewe: la Hass lina mafuta mengi na nyama nzito, la kienyeji lina maji zaidi na ladha nyepesi, na huliwa vizuri likiwa limepondwa pamoja na chumvi au kupakwa kwenye kiazi kitamu cha moto.

Kokoa hupatikana sehemu za chini, kuelekea Busokelo na Kyela, eneo linalotoa kokoa nyingi kuliko jingine lolote nchini. Mgeni anaweza kupasuliwa tunda na kunyonya utando mweupe wenye utamu wa ukwaju na asali. Chokoleti yenyewe hataiona, kwa kuwa punje zikishachachushwa na kukaushwa huondoka kwenda nje ya nchi.

Kimpumu, soda na suala la divai

Kinywaji cha jadi cha wenyeji ni kimpumu, pombe ya ulezi. Ulezi ulioota na kuchachuka huwekwa chunguni, humiminiwa maji ya moto, na wanywaji huvuta kwa mirija wakiwa wameketi pamoja. Maji yakipungua huongezwa mengine, na mazungumzo huendelea. Ni kinywaji cha ugeni, cha harusi na cha kumaliza kazi ya shamba. Anayetaka kukionja afike na mwenyeji anayeaminika, anywe kilichotengenezwa kwa ulezi, na aepuke gongo, ambayo ni haramu na ni hatari kwa afya.

Kuna jambo jingine ambalo wanywaji wa mjini hawalijui. Chini ya ardhi ile ile ya volkano kuna hewa ya ukaa ya asili, na kampuni ya TOL Gases imekuwa ikiivuna katika eneo la Ikama. Hewa hiyo ndiyo inayotumika kutia mapovu kwenye soda na bia. Kwa maneno mengine, wapo wakazi wa mijini wanaokunywa pumzi ya Kyejo bila kujua.

Ama kuhusu divai, msafiri asiitafute ya Rungwe, kwani haipo. Mzabibu hautaki mvua nyingi. Unataka jua na ukavu, na ndiyo maana ulistawi Dodoma, ambako wamisionari waliupanda Bihawana na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Anayependa divai na abebe chupa yake ya Dodoma akipita.

Hata hivyo, Dodoma ina somo kwa Rungwe. Zabibu zinazouzwa kando ya barabara huoza ndani ya siku chache na bei yake huamuliwa na mpita njia. Zabibu iliyogeuzwa divai ikatiwa kwenye chupa hukaa miaka, na jina la Dodoma husafiri nayo. Arusha nako kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza vinywaji vya ndizi kwa miongo kadhaa. Ndizi za Rungwe bado huondoka zaidi zikiwa mikungu, zikifika sokoni Mabibo hazina jina lolote isipokuwa "ndizi za Mbeya."

Pa kula na wakati wa kwenda

Anayetaka chakula cha wenyeji asianzie hotelini, aanzie sokoni. Akina mama lishe wanaopika karibu na masoko na stendi za Kiwira na Tukuyu huwapikia wapagazi, madereva na wauza ndizi, watu ambao hawakubali kula wasichokijua. Muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Baada ya hapo sufuria huwa tupu.

Hotelini na kwenye nyumba za wageni, msafiri aagize mapema. Ukifika jioni sema unataka ndizi za kesho mchana, taja kama unazitaka kwa nyama, maharage au maziwa, na kubaliana bei kabla. Wapishi wengi wanajua kuzipika vizuri sana kwa sababu ndicho wanachokula majumbani mwao. Hawaziweki kwenye orodha kwa dhana kwamba mgeni anataka chipsi, na mgeni anaagiza chipsi kwa kuwa ndizo zilizoandikwa.

Samaki wa Ziwa Nyasa, kama mbasa na usipa, hupanda kutoka Kyela pamoja na mchele wenye harufu nzuri wa wilaya hiyo. Mwenye muda anaweza kuwafuata huko huko, kwa kupita barabara ya Masoko, yenye ziwa la kreta na masalia ya majengo ya Wajerumani, hadi ufukwe wa Matema.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo rahisi kwa safari, ingawa Juni na Julai huwa na ukungu na baridi inayohitaji sweta. Kuanzia Novemba hadi Mei mvua ni nyingi, hasa Aprili, na barabara za vijijini huteleza. Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni takriban kilometa 70 za lami. Wanaotoka mbali wanaweza kufika Mbeya kwa basi, kwa treni ya TAZARA au kwa ndege kupitia uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012.

Mgeni akikaribishwa chakula nyumbani asikatae bila sababu. Anawe mikono, apokee kwa mikono miwili, na akimaliza aseme "ndaga fijo," yaani asante sana.

Kula pamoja

Wataalamu wa mila Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Kitabu cha Monica Wilson kilichotoka mwaka 1951 kinaeleza vijiji vya rika, ambamo wanaume wa umri mmoja walijenga, walilima na kula pamoja. Wenyeji walikuwa na neno la kueleza raha ya kuwa na wenzako kwenye chakula, kinywaji na mazungumzo: ukwangala. Mtu aliyekula peke yake alihesabiwa kuwa amekosa kitu hata kama ameshiba.

Vijiji vya rika havipo tena kama vilivyokuwa, na hakuna sababu ya kumtaka mkulima wa leo aishi kama babu yake. Anahitaji ada za shule, bati na fedha za matibabu, na lori la usiku humletea fedha taslimu. Tatizo ni kwamba mbele ya lori hilo yeye ndiye mnyonge. Mkungu huuzwa kwa macho badala ya mizani, viazi hujazwa kwa mtindo wa lumbesa licha ya kupigwa vita na Wakala wa Vipimo, na zao linaloharibika haraka halimpi muuzaji nafasi ya kusema "nitarudi kesho."

Sahani ya mbalaga inayouzwa Tukuyu ni biashara ya aina nyingine. Ndizi chache kutoka kwenye mkungu, maharage ya jirani, maziwa ya ng'ombe wa nyuma ya nyumba na kazi ya mpishi, vyote hulipwa hapo hapo, siku hiyo hiyo, kwa bei inayotajwa na mwenye chakula. Sahani moja haiwezi kushindana na lori. Lakini Kilimanjaro imefaulu kuufanya mtori uandikwe kwenye menyu za Dar es Salaam, na mishikaki ya pwani inajulikana nchi nzima. Vyakula hivyo vilipata majina kwa sababu kulikuwa na watu walioviulizia.

Ni wakati muafaka sasa kwa wenye hoteli na migahawa ya Rungwe kuandika ndizi, magimbi, mtindi na chai ya Katumba juu kabisa ya orodha zao, na kwa halmashauri za Rungwe na Busokelo kuvitangaza vyakula hivyo pamoja na Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu zinapotangaza utalii. Msafiri naye ana wajibu wake, nao ni mwepesi: akiketi mezani Tukuyu, kabla hajafungua menyu, aulize kilichopikwa jikoni kwa ajili ya wapishi wenyewe, kisha aagize hicho.